Nahodha Anayemenya Machungwa

Nchi inayosimuliwa hapa haipo, na wenyeji wake wanaombwa wasijitambue. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti ambazo hakuna aliyewahi kuzifikia, ina barabara moja nzuri itokayo ikulu hadi uwanja wa ndege, na ina kiongozi anayependwa kwa mujibu wa sheria. Kiongozi huyo huitwa Mzee Mpendwa. Jina lake la kuzaliwa lipo, ila limewekwa mahali salama.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke mmoja, Tunu Mbelwa, mtunzi na mtayarishaji wa tamthilia za televisheni. Kosa lake lilikuwa moja tu: alikuwa amewahi kufanya kazi nzuri.

Kazi hiyo iliitwa *Uani kwa Mjomba Sefu*. Mjomba Sefu alikuwa mzee mpole, mwenye sauti ya chini na kisu kidogo mfukoni. Mwenye shida yoyote alipofika uani kwake, Mjomba alimkalisha kwenye mkeka, akammenyea chungwa, ganda likateremka kama utepe bila kukatika, kisha akamwambia, "Kula, mwanangu. Mengine tutayazungumza." Nchi nzima ilimpenda. Watoto wakaitwa Sefu, na wengine waliokwisha kuitwa majina mengine wakabadilishiwa. Halafu ikaja sehemu ya mwisho, Mjomba akaonekana na shoka mkononi, sakafu ya stoo yake ikafukuliwa, na chini yake wakaonekana wale wote waliokula machungwa na ambao mtaa ulidhani wamehama bila kuaga.

Tangu siku hiyo hakuna mtu katika nchi ile aliyekubali kumenyewa chungwa na mwenzake. Wauzaji wa barabarani, ambao zamani walimenya mapema wakapanga kwenye sinia, sasa walimkabidhi mteja chungwa zima pamoja na kisu, wakageuza uso pembeni kwa adabu mpaka amalize.

Kila mtu alijua habari hii, isipokuwa serikali. Viongozi wa nchi ile hawatazami televisheni. Wao huonekana ndani yake. Walichokipata kilikuwa kipande tu cha habari, na kilitoka kwa madereva wao, tamthilia ikiwa katikati: kwamba wananchi wanampenda sana mzee fulani anayemenya machungwa. Washauri wa ikulu walikaa kikao. Wiki hiyo hiyo Mzee Mpendwa akapigwa picha ameshika kisu kidogo na chungwa, anatabasamu, ganda linaning'inia kama utepe. Picha ikatundikwa katika kila ofisi, shule, zahanati na kituo cha polisi. Mpaka tamthilia inafika mwisho, picha zilikuwa zimekwisha kupigiliwa misumari. Wananchi walizitazama, wakameza mate, wakaendelea na foleni zao. Nani angesema? Na angemwambia nani?

*

Tunu aliitwa wizarani mwaka wa maadhimisho. Wizara yenyewe ni ya Habari, Ndoto na Mwelekeo, na Waziri wake ni Mheshimiwa Daktari Polikarpo Njelu, aliyepewa udaktari na chuo alichokizindua asubuhi ya siku hiyo hiyo.

"Binti yangu," Waziri alisema, "tumeambiwa ukirusha kitu chako jioni, barabara zinabaki tupu. Polisi wetu wana mabomu ya machozi, wana magari ya maji, na hawajawahi kumudu hilo."

"Ahsante, Mheshimiwa."

"Sasa tunataka tamthilia ya sayansi. Ya anga za juu. Wananchi wamezidi kuangalia chini, na huko chini kuna mashimo. Chombo kinakwenda kwenye nyota, kimebeba taifa zima, kinaongozwa na nahodha. Nahodha huyu asifanane na Mzee, maana kumfananisha mtu na Mzee ni kosa la jinai. Lakini anayemtazama asimwone mtu mwingine."

Tunu akaandika hilo kwa kalamu iliyokuwa inasita.

"Ni mpole," Waziri akaendelea, "ana sauti ya chini, anamwita kila mtu mwanangu. Na anawamenyea wenzake machungwa."

Kalamu ikasimama. Juu ya kichwa cha Waziri, Mzee Mpendwa alikuwa anatabasamu kutoka ukutani, kisu mkononi.

"Mheshimiwa, watazamaji wangu na machungwa wana historia kidogo."

"Historia ipi?"

Hapo ndipo mlango wa kwanza ulipomfungia Tunu, ingawa haukutoa sauti. Ili aeleze historia ile, ilimbidi aseme kwamba picha iliyo ukutani imeigwa kutoka kwa muuaji. Aliitazama picha. Akamtazama Waziri. Akayatazama madirisha, ambayo yalikuwa na nondo.

"Wanayapenda sana," alisema.

"Nilijua," akasema Waziri.

*

Chombo cha anga kilijengwa kwenye studio ya televisheni ya taifa kwa mbao nyembamba, trei za mayai zilizopakwa rangi ya fedha, na taa za pikipiki. Kiliitwa *Milele*. Mtaalamu wa sayansi aliyekodiwa alishauri kwamba huko angani vitu huelea, hivyo maganda ya chungwa nayo yangepaswa kuelea mbele ya uso wa nahodha. Wizara ilikataa kwa barua ya karatasi nzito, ikieleza kwamba mbele ya kiongozi kila kitu hukaa mahali pake. Mtaalamu akalipwa, akaondoka, na sayansi ikaondoka naye.

Jioni ya sehemu ya kwanza, Tunu hakukaa na wakubwa. Alikwenda Mtaa wa Magurudumu alikozaliwa, akaketi kwenye benchi la mbele la kibanda cha video, ubavuni mwa mama yake, Bi Mwanakheri, mtu aliyetazama kila kitu ambacho bintiye amewahi kutunga na asiyesamehe hata kimoja.

Kibanda kile kilikuwa na mtafsiri wake, Sudi Kipaza. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya skrini na kipaza sauti na kuwaeleza watu filamu za Kichina na za Kihindi. Alikuwa ameizoea kazi hiyo kiasi kwamba hata filamu ikiwa ya Kiswahili aliitafsiri vilevile.

Nyota zikapita kwenye skrini. Nahodha Salama akaingia, mvi kidogo, mabega mapana, tabasamu. Akamkalisha fundi mgonjwa kwenye kiti. Akatoa kisu. Akatoa chungwa.

Kibanda kizima kikaguna. Haukuwa mguno mkubwa. Ulitoka tumboni, mdomo umefungwa, kama mtu anayeona mtoto wa jirani anapanda juu ya paa.

"Mabibi na mabwana, tulieni," Sudi akasema. "Huyo ni Nahodha Salama. Usimtazame usoni. Uso ni wa Tunu, anautumia kutuzuga. Mtazame mikono."

"Kaka Sudi, keshaua wangapi?" mwanamke mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Bado, mama, ndiyo kwanza wameondoka."

"Na huko angani stoo iko wapi?"

"Huko nje kote ni stoo."

Watu wakacheka, wakaguna tena. Mwingine akataka kujua chungwa limetoka wapi, kwa kuwa angani hakuna miti, na mzee mmoja akamjibu kwamba ndiyo maana, mtu mwenye shamba ambalo hatuonyeshwi huyo ni wa kuogopa. Tunu akainama kwa mama yake.

"Mama, huyu ni mwema. Safari hii ni mwema kweli."

Bi Mwanakheri akampapasa goti. "Hata kwa Sefu uliniambia hivyo hivyo," akasema, "nami nikalala vizuri."

Kwenye benchi la mwisho, mtu mmoja mwenye viatu vilivyong'arishwa kupita kiasi hakuguna. Alikuwa anasikiliza.

*

Asubuhi Tunu alichukuliwa kwa heshima zote na kupelekwa studio, ndani ya *Milele*. Kitanda kilikuwa kimewekwa kwenye chumba cha injini. Waziri alikuwa kwenye kiti cha nahodha.

"Umeambiwa na mtu yeyote kwamba umekamatwa?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi hujakamatwa. Umesogezwa karibu na kazi."

"Na mlango kufungwa kwa nje?"

"Chombo cha anga hakifunguliwi ovyo. Hata wewe mwenyewe umeandika hivyo." Akashusha pumzi. "Wananchi wanaguna, binti yangu. Nchi nzima. Kila akitokea, wanaguna. Tumeunda kikosi, kila kibanda kina mtu wetu mwenye Kipimo cha Miguno. Siku mguno utakapokuwa sifuri, utakwenda nyumbani kwa mama yako."

"Na usipokuwa sifuri?"

"Nyota ziko mbali," Waziri akasema, akatoka. Komeo likaingia.

Alibaki na mlinzi, Koplo Mwanjisi, mwanamke mnene mwenye bunduki ndefu na masikio mapana, aliyeketi upande wa nje wa mlango na kusikia kila kitu. Madirisha ya chombo yalikuwa yamechorwa nyota. Tunu alipoyagusa, rangi ilibaki vidoleni. Nje ya ukuta ule wa mbao alisikia wafagiaji, mlio wa simu, mtu anadai chai yake. Dunia yote ilikuwa umbali wa trei moja ya mayai.

Akaandika. Alikuwa fundi, na fundi aliyefungiwa kwanza hutafuta namna ya kufungua kwa ufundi ule ule anaoujua. Akampa nahodha tendo kubwa: hewa inapungua ndani ya chombo, na Nahodha Salama anavua mtungi wake wa hewa, anamvika yule fundi mgonjwa, mwenyewe anabaki anahema. Aliiandika kwa moyo wake wote. Koplo Mwanjisi aliposomewa, alifuta macho kwa mkanda wa bunduki.

Kwenye vibanda, mguno ulizidi mara mbili.

"Mnakumbuka Mjomba Sefu alivyomtolea damu Shabani hospitali?" Sudi Kipaza aliwauliza watu wake. "Na Shabani yuko wapi sasa?"

"Stoo," kibanda kikaitikia.

*

Wizara ilipofahamu hatimaye kwamba kulikuwa na Mjomba Sefu, haikumwuliza mtu alikuwa nani. Iliambiwa tu kuwa ni tamthilia ya zamani inayowachanganya wananchi. Wataalamu wakaitwa, nao hawakuthubutu kusema picha ya ukutani imeigwa wapi; *Uani kwa Mjomba Sefu* ikakatwa na kuungwa upya, na ikarushwa tena kwa tangazo kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa siku zote. Katika toleo hilo sakafu ya stoo ilipofukuliwa palikutwa mafuta. Walioliwa na stoo walionekana wakipunga mikono kutoka dirisha la treni, na kwa kuwa waigizaji wengine walikuwa wamezeeka tangu wakati ule, treni ilionekana kama inakwenda kwenye makao ya wazee.

Wananchi walitazama kwa utulivu mkubwa. Walikuwa wamemwona Mjomba na shoka kwa macho yao. Sasa serikali ilikuwa inawaambia hakuwa na shoka.

"Kama wamefika hatua ya kumsafisha Sefu," Sudi akasema polepole, "basi huyu wa angani ni mkubwa kuliko tulivyodhani."

Mguno ukafika mahali ambapo Kipimo kilikuwa hakijachorwa namba.

Tunu akatolewa akapelekwa redioni. Aliahidiwa kwamba akiwashawishi watu, atalala nyumbani. Akaapa. Alisema kwa sauti yake ya kweli kwamba Nahodha Salama ni mtu mwema, kwamba hakuna sakafu, hakuna stoo, hakuna hila yoyote, na kwamba anaomba, kama mtoto wao, aaminiwe. Mtangazaji alilengwalengwa na machozi. Nchi nzima ikapiga makofi kwenye majiko na vibaraza, maana maneno yale aliyasema yote, karibu neno kwa neno, wiki moja kabla ya mwisho wa Mjomba Sefu. Siku zile yalikuwa mchezo wa kunogesha tamthilia, na watu walikuwa wameyashika kwa kichwa.

"Hajapoteza makali," walisema kwa fahari. "Anatuzunguka vilevile."

Akarudishwa kwenye chumba cha injini. Safari ile alilia. Alikuwa na ukweli mdomoni, na mdomo ulikuwa umekwisha kutumika.

*

Siku ya Jumapili aliruhusiwa kuzungumza na mama yake kwa simu, Koplo Mwanjisi akisikiliza kwa simu ya pili kama taratibu zinavyotaka.

"Unakula?" Bi Mwanakheri aliuliza.

"Nakula, mama. Wananilisha kuliko ninavyotaka. Mama, nisikilize. Ukiketi pale kibandani, usigune. Waambie na wenzako. Nikitoka humu ni kwa kutoguna kwenu."

"Mwanangu, nimejaribu. Juzi nimebana mdomo kwa khanga. Lakini akitoa kile kisu, mwili wenyewe unaguna."

"Mama, ni mwema."

"Mbona anaita kila mtu mwanangu na hajaonyeshwa na mtoto?"

Tunu hakuwa amelifikiria hilo.

"Samahani kuingilia," ikasema sauti ya Koplo Mwanjisi, "hata mimi hilo limenisumbua."

"Wewe nani?" akauliza Bi Mwanakheri.

"Mlinzi wake, mama."

"Shikamoo hamna siku hizi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na yule fundi mgonjwa, wewe unadhani atapona?"

"Mama, yule amekwisha."

Waliendelea hivyo wao wawili mpaka muda ukaisha, Tunu akiwa ameshika simu kama mtu anayesikiliza majirani kupitia ukutani.

*

Balaa halikutokea kwenye tamthilia. Lilitokea kwenye taarifa ya habari.

Mzee Mpendwa alikuwa amewaalika mawaziri wake kuadhimisha maadhimisho, na kamera zilikuwepo. Akatoa kisu kidogo. Akammenyea chungwa Waziri wa Maji, ganda likateremka kama utepe. "Kula, mwanangu," akasema. Waziri wa Maji, ambaye mkewe alikuwa akimsimulia *Milele* kila jioni wakati wa kuvua soksi, alilipokea chungwa kwa mikono miwili, akalitazama, akalitia mfukoni.

Na nchi nzima, mbele ya taarifa ya habari, ikaguna.

Vipimo vyote vilivyokuwa vibandani viliandika. Watu wa viatu vilivyong'aa walitazamana. Hakukuwa na sheria dhidi ya jambo lile, kwa sababu kuitunga kungekuwa kukiri kwamba lipo. Mwishoni jambo likaandikwa kuwa ni hali ya hewa.

Waziri Njelu alifika *Milele* bila msafara, shati limelowa mgongoni. Akaketi sakafuni. Tunu hakuwahi kumwona waziri sakafuni.

"Binti yangu, niambie kwa siri. Mimi na wewe tu."

"Nikwambie nini, Mheshimiwa?"

"Nahodha." Akashusha sauti. "Ni mwema?"

"Mheshimiwa, ndiwe uliyeniagiza awe mwema."

"Najua niliagiza. Nauliza kama ni kweli. Jumatatu nimealikwa ikulu kwa matunda."

Tunu akamtazama mtu yule mzima, mwenye udaktari na walinzi, na akahisi mbao za chombo zinasogea karibu. Hakukuwa na aliye nje. Hata aliyekuwa na ufunguo alikuwa ndani.

"Mheshimiwa, shida si nahodha," akasema. "Chukua maneno yale yale, kisu kile kile, uandike kwamba yametungwa na mtu mwingine, hakuna atakayeguna. Wanaguna kwa sababu yangu. Wakiona jina langu tu, wanaanza kutafuta stoo."

Waziri akainua kichwa taratibu. "Jina la nani lingefaa?"

"La mtu ambaye kazi zake za nyuma hazijawahi kumshtua yeyote."

Mheshimiwa Daktari Polikarpo Njelu, katika ujana wake, alikuwa ametunga mfululizo wa vipindi vya televisheni vya elimu kwa umma uitwao *Tuijue Mifereji*. Ulirushwa kila siku ya mapumziko kwa miaka mingi, na hakuna mtu aliyewahi kufika mwisho wa kipindi akiwa macho. Uso wake ukang'aa. Hakuhisi tusi lolote, kwa hiyo tusi likapita bila kutua.

*

Sehemu iliyofuata ndiyo bora kuliko zote alizowahi kuandika Tunu. Alijua itakuwa ya mwisho kuandikwa ndani ya ukuta ule, na aliweka humo kila alichonacho. Nahodha Salama anaamka peke yake wakati chombo chote kimelala, anapita chumba hadi chumba, anawafunika watu mashuka, anammenyea chungwa fundi aliyelala na kumwachia pembeni, kisha anakaa dirishani, na kwa mara ya kwanza tunaiona hofu usoni mwake, kwa sababu hajui nyota ile ipo kweli. Hakuna neno linalosemwa. Koplo Mwanjisi aliposomewa, aliomba asomewe tena.

Ilirushwa na maandishi makubwa mwanzoni: *Imetungwa na Mheshimiwa Daktari Polikarpo Njelu.*

Kwenye kibanda cha Mtaa wa Magurudumu, watu walisoma maandishi yale. Wakasogeza miguu. Kisu kikatoka, na hakuna aliyeguna. Ganda likateremka, na mtu mmoja akapiga mwayo.

"Sasa hapa," Sudi Kipaza akasema, "nahodha anamenya chungwa." Akafikiri aongeze nini. "Ni chungwa tu," akasema, akazima kipaza sauti ili betri isiishe.

Kabla nahodha hajafika dirishani, mabenchi yalikuwa nusu tupu. Waliobaki walikuwa wamelala. Kipimo kikasoma sifuri, nchi nzima, na wizara ikapiga vigelegele.

Tunu aliitazama kwenye televisheni ndogo ya mlinzi. Alikuwa ameshinda. Alikaa akiwawazia watu wake, aliowapenda, wakipita mbele ya kazi yake nzuri kuliko zote kama wapitao mbele ya ukuta wa benki.

"Unakwenda nyumbani, dada," Koplo Mwanjisi akasema, akafungua komeo.

Haikuwa haraka hivyo. Mtu anayetoka kwenye kazi ya taifa hatoki amenuna. Akavishwa kitenge kipya chenye picha ya Mzee Mpendwa, akasimamishwa mbele ya kamera kando ya Waziri, akaambiwa atabasamu. Tabasamu la kwanza lilikuwa na macho ya kulia. La pili lilikuwa la uchungu. Walirudia mpaka mashavu yakashika, wakarusha lile lililo bora kwenye taarifa ya habari, kisha wakampakia kwenye gari refu jeusi lenye viyoyozi.

*

Gari liliingia Mtaa wa Magurudumu watu wakiwa nje ya kibanda. Dereva akashuka, akamfungulia mlango. Tunu akashuka, mzima, amenenepa, na kwa furaha ya kuwaona akatabasamu. Mashavu yalikwenda yenyewe pale yalipofundishwa kwenda.

Hakuna aliyesogea. Sudi Kipaza alikuwa mlangoni, kipaza sauti mkononi kimezimwa.

"Karibu, dada."

"Ahsante, Sudi. Jamani, mbona kimya? Ni mimi."

"Tumekuona kwenye habari."

"Gari zuri," mtu akasema nyuma.

Na kutoka ndani ya kundi lile, taratibu, midomo imefungwa, ukatoka mguno.

Alitembea hadi nyumbani kwa haraka, visigino vinagonga, akakuta mlango umerudishwa. Bi Mwanakheri alikuwa ameketi kitandani kwake kwenye chumba cha ndani, taa imewashwa. Alimtazama bintiye kuanzia viatu hadi kilemba.

"Wamekupiga?"

"Hapana, mama."

"Wamekunyima chakula?"

"Hapana."

"Kwa nini wamekuachia?"

Tunu akafungua mdomo aeleze. Waziri sakafuni, jina, mifereji, sifuri. Kadiri alivyosema ndivyo alivyoisikia ilivyopangika, na akajua jinsi mtazamaji mzuri angeisikiliza. Akaishia njiani.

"Hawakunifanya kitu, mama," akasema.

"Ndivyo alivyosema Zawadi."

"Zawadi yupi?"

"Yule binti kwenye *Uani*. Polisi walimchukua, wakamrudisha kwa gari, amevaa kitenge kipya. Mama yake akamwuliza, akasema hawakunifanya kitu, mama. Kumbe alikuwa ameuuza mtaa mzima." Bi Mwanakheri akakunja mikono mapajani. "Uliiandika vizuri sana ile. Nililia."

"Mama. Ile nilitunga. Mimi ni mwanao."

"Mbona unatabasamu?"

Tunu akajishika mashavu kwa viganja vyote viwili. Akayavuta chini. Yakarudi.

Mama yake akainuka, akaja mpaka mlangoni mwa chumba, akamgusa shavu kidogo kwa ncha za vidole, kama mtu anayejaribu pasi kama imepoa.

"Nakupenda, mwanangu," akasema. "Kitanda chako nimekitandika, chakula kiko mezani. Lakini nimetazama kazi zako zote."

Akarudi ndani, akafunga mlango, na Tunu akasikia upande wa pili komeo likisukumwa taratibu, kwa heshima, hadi mwisho.